Nilidhani mkono wangu ndio mbovu

Karibu mwaka na nusu nilikuwa naamini mkono wangu hauna kipaji. Kisu kinazunguka vizuri mzunguko wa kwanza, wa pili pia, ule wa tatu mpini unakuja umechelewa unanigonga kwenye kifundo cha kidole, nakiangusha, nakiokota, naanza upya. Hivyo hivyo kila jioni nikishafunga gereji, nimekaa juu ya tairi bovu pale nyuma, upepo wa ziwa unapanda toka Kibirizi na harufu yake ya dagaa, mi nazungusha kisu naangusha, nazungusha naangusha.

Nielezee kwanza kitu chenyewe maana wengi mmekiona kwenye muvi tu. Kisu cha kipepeo, Wafilipino wanakiita balisong, kina mipini miwili badala ya mmoja. Kila mpini umefungwa kwenye kitako cha ubapa kwa pini yake, ukiifunga yote miwili inaufunika ubapa wote katikati, ukiifungua inazunguka inakutana upande wa pili inakuwa mpini mmoja. Sasa ule mpini ulio upande wa mgongo wa kisu huo ndio wa kushika ukiwa unazungusha, kwa sababu ubapa ukirudi unakupiga na mgongo ambao hauna makali. Ule mwingine ndio unaong'ata. Visu vingi komeo lake limewekwa kwenye huo unaong'ata, kwahiyo hata gizani ukipapasa unajua umeshika upi. Hili mi nililijua baadae sana, baada ya kuchanika.

Mi ni fundi pikipiki, Mwanga hapa Kigoma mjini. Nasema hivyo si kwa kujitangaza, ni kwa sababu kila nilichokuja kuelewa kuhusu hivi visu nilikielewa kupitia bushi, yaani kile kibomba kifupi kinachovaa pini, na beringi, na kama ningekuwa na kazi nyingine pengine mpaka leo ningekuwa najilaumu.

Cha kwanza aliniletea binamu yangu anayeendesha lori la mizigo Dar–Kigoma, alikinunua Kariakoo shilingi elfu kumi na mbili. Kinang'aa balaa, mipini ina matundu matundu, kimechorwa joka. Nilikipenda siku ile nikalala nacho chini ya mto. Ukikishika kwa mara ya kwanza unaona kizito, unasema hiki ni chuma cha maana, ila ukikitikisa kinalia chaka chaka chaka kama mfuko wa nati. Mipini yake ni ile madini laini ya kumimina kwenye kalibu, si chuma kweli, na pini zake zimegongwa ribiti, yaani hakuna skrubu, huwezi kukaza wala kulegeza, kilivyotoka kiwandani ndo hivyo hivyo mpaka kife.

Na hapo ndo shida ilipokuwa ila sikuiona. Mpini ulikuwa unacheza kushoto kulia karibu unene wa kucha. Ukiuzungusha haufuati mstari mmoja, unayumba, na ukiyumba unapoteza nguvu kabla haujamaliza mzunguko. We unaongeza nguvu ya kiwiko ili ufike, siku nyingine umeyumba kidogo tu unafika mapema, siku nyingine unachelewa. Mkono unajifunza kwa kurudia, sasa utajifunzaje kitu ambacho hakijirudii? Nilipiga mazoezi ya mwaka na nusu na kile kisu, na kiukweli nilichokuwa najifunza ni kukisamehe makosa yake.

Kunichanika kulitokea mwezi wa ramadhani, jioni, nimechoka. Komeo lilifunguka lenyewe katikati ya mzunguko, likajigonga kwenye ubapa, mpini ukageuka mkononi nikawa nimeshika ule unaong'ata bila kujua. Kidole cha shahada, nyuzi nne. Mama alinikuta nimefunga kitambaa, hakupiga kelele, alisema tu, "Baba, hivi vidole ndivyo vinavyoshika spana. Kisu kikivila utashika nini?" Nikanyamaza. Alikuwa sahihi, na mi kesho yake asubuhi nilishindwa kuzungusha nati ya plagi nikamuachia kazi mwenzangu, hela nusu kwa nusu.

Ndio nikaagiza kile cha mazoezi, kisicho na makali. Hiki nawaambia wote mnaotaka kuanza, anzeni nacho, msipite njia yangu. Ubapa wake ni butu kama kitana na umetobolewa matundu. Kilikuja toka China kwa posta mwezi mmoja na nusu. Hiki mipini yake ilikuwa imekaa kwenye beringi, gololi ndogo ndogo kama punje za mtama, na siku ya kwanza nilivyokizungusha nilihisi kama nimetoka kwenye baiskeli ya mnyororo mkavu nikapanda iliyotoka kupakwa grisi. Ukikipuliza tu kinazunguka. Hakikwaruzi, hakikwami, hakilii. Kwa wiki mbili nilikuwa mtu mwenye furaha sana, mizunguko iliyonishinda mwaka mzima ikaanza kutoka, ule wa kupitisha juu ya kidole gumba nikauweza siku ya nne.

Alafu kiangazi kikaingia. Wanaoishi Kigoma mnajua vumbi la mwezi wa nane, linaingia mpaka kwenye kabati lililofungwa, sembuse gereji. Beringi ndogo vile ikila vumbi inaanza kukwaruza, kwanza kidogo, unahisi kwenye ncha ya kidole kama mchanga kwenye wali, baadae inakamata sehemu moja ya mzunguko tu, ambayo ni mbaya kuliko kukamata kote. Nikaifungua nikaosha kwa petroli nikaweka oili nyepesi, ikakaa siku sita. Nikaosha tena. Mara ya tano gololi mbili zikaruka zikapotelea chini na gololi za ukubwa ule sikuzipata Kigoma nzima. Kwahiyo mi maoni yangu kuhusu beringi ni haya: ni tamu kuliko zote mkononi, ila ni za mtu anayekaa nyumba yenye sakafu safi. Kwa fundi, kwa mvuvi, kwa mtu wa barabarani, hapana.

Jambo jingine nililoligundua na kile cha beringi, na hili lilinichukua muda kulielewa, ni uzito uko wapi. Nilienda kwa dada mmoja jirani anaoka keki, ana mizani ya kidijitali, nikavipima vyote viwili. Cha Kariakoo gramu 171, cha mazoezi gramu 128. Ila nikifumba macho nikizungusha, kile chepesi ndo kilikuwa kinauvuta mkono zaidi. Nikashangaa. Nikakiweka juu ya kalamu kutafuta kinapobalansi, nikaona: kile cha mazoezi ubapa wake umetobolewa kwahiyo uzito umehamia kwenye mipini, mwishoni kabisa mbali na pini. Kile cha Kariakoo matundu yamejaa kwenye mipini na ubapa ni mnene, uzito wote umerundikana katikati kwenye pini. Ni sawa na nyundo. Nyundo ya gramu mia nne yenye kichwa mwishoni inagonga kuliko rungu la kilo moja ulilolishika katikati. Mpini mzito mwishoni ukishaurusha unajipeleka wenyewe, we kazi yako ni kuupokea tu.

Kumbe sasa kuna kuzidi. Hii nilifundishwa na kisu cha tatu.

Kulikuwa na injinia Mfilipino alikuja huku kikazi miezi kadhaa, pikipiki ya mradi wao ilikuwa inaletwa kwangu. Siku moja kanikuta nazungusha, akasimama anaangalia kimya, alafu akanyoosha mkono nimpe. Alifungua na kufunga mara moja tu, polepole, bila mbwembwe yoyote, na ile mara moja ilikuwa nzuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Akaniambia kwao mkoa wa Batangas, mji wa Taal, kuna kijiji kabisa kinaitwa Balisong, watu wanafua hivi visu kizazi na kizazi, na malighafi yao wengi ni springi za magari mabovu. Nikamwambia subiri. Nikamchukua na pikipiki mpaka kwa mzee mmoja anafua vyuma njia ya kwenda Kasulu, ana mivukuto yake ya ngozi, anatengeneza majembe na mundu na visu vya kuparulia samaki, kutoka kwenye springi za malori yaliyokufa. Wale watu wawili hawana lugha moja, mzee ni Kiha na Kiswahili, injinia Kiingereza na cha kwao, lakini walikaa pale saa nzima wanaoneshana, mzee anapasha anagonga, injinia anakunja vidole kuonesha unene. "Huyu baba anajua chuma," mzee akaniambia tulipokuwa tunaondoka. Sijawahi kuisahau ile siku.

Yule injinia aliporudi toka likizo alinirudia na kisu cha Batangas kweli. Ndo kirefu, kikiwa wazi sm 29, na wakongwe wa huko wanakiita kwa neno la Kihispania la ishirini na tisa kwa sababu hiyo hiyo. Mipini ya shaba ya njano imepachikwa vipande vya pembe ya nyati, unaona alama za tupa ya mtu, si mashine. Uzito gramu 214 kwa mizani ya keki.

Kukishika kile ni heshima. Shaba inapata joto la mkono haraka na haitelezi ukitoka jasho, tofauti na chuma kilichong'arishwa ambacho mchana wa Kigoma kinakuwa kama sabuni. Sauti yake nayo ni nzito, ko, ko, kama mlango wa mbao mzuri. Lakini ukijaribu mizunguko ya haraka kinakukatalia. Kikishaanza kwenda hakisimami unapotaka wewe, uzito wa mwisho wa mpini unaburuza vidole, baada ya dakika kumi mkono unauma mpaka kwenye kiwiko. Na pini zake zimegongwa kama za kile cha Kariakoo, ila aliyezigonga alikuwa na jicho, kwahiyo mpini unacheza kidogo sana na unacheza sawa pande zote mbili. Nikaelewa kwamba kulegea peke yake si dhambi. Kulegea kunakobadilika ndo kunakoua mkono. Injinia aliniambia kisu hiki hakikuumbwa kwa kuchezea, ni cha kukatia kamba na tunda na nyama, kufungua kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika kazi. Nikakitumia hivyo. Mpaka leo ndicho ninachomenyea miwa na kukatia mirija ya mafuta, na hakijawahi kuniudhi.

Cha nne sikuwa nacho, niliazimwa. Rafiki yangu niliyesoma nae hapa sekondari yuko Dar siku hizi, anakusanya hivi visu, akaja krismasi na viwili. Kimoja cha plastiki tupu cha mazoezi, Squiddy, cha kampuni ya Squid Industries ya Marekani, na kingine cha titani chenye bushi. Cha plastiki nikipitie haraka: kizuri kwa mtoto na kwa anayeogopa, kinapiga hakiumizi, ukikiangusha kwenye saruji hakuna kelele, ila ni chepesi mno, lazima ukisukume kila hatua na mkono haupati ile kujua kilipo hewani. Nilikishika siku moja nikakirudisha.

Cha titani ndo kilichonitoa machozi kidogo, sitaficha.

Gramu 122. Mipini si bamba mbili zilizofungwa kwa skrubu, ni kipande kimoja kimoja kilichochimbwa mfereji katikati, kwahiyo hakuna kujikunja wala kujinyonga, ukikigonga kinalia kama kengele ndogo na mlio unabaki sekunde nzima. Kwenye pini kuna bushi ya shaba nyeusi, na hapa fundi wenzangu mtanielewa moja kwa moja. Kwenye kisu cha washa tupu, vile visahani vyembamba vyenye tundu, bila bushi, ukikaza skrubu kinakuwa kigumu, ukilegeza kinacheza, unabaki unatafuta katikati ambayo haidumu, kila baada ya siku mbili skrubu imejifungua kwa mtikisiko. Kwenye cha bushi unakaza skrubu mpaka mwisho, kabisa, kwa sababu mpini unabana bushi, haubani ubapa. Bushi imekatwa ndefu kuliko kitako cha ubapa pamoja na washa zake kwa nafasi ndogo mno, sehemu chache za mia za milimita, na hiyo nafasi ndo pumzi ya kisu. Ikiwa kubwa kinacheza, unaifuta bushi kwenye msasa namba 2000 juu ya kioo, mizunguko michache, unarudisha, unajaribu. Ni kitu kile kile cha bushi za suspensheni ya nyuma ya pikipiki! Miaka yote nimebadilisha bushi za watu, mteja analalamika pikipiki inamvuta pembeni anadhani hajui kuendesha, namwambia si wewe kaka, ni bushi. Na nyumbani nina kisu kinanivuta pembeni nikadhani sijui kuzungusha.

Nilifungua kile kisu mara ya kwanza, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu ule ule ulionishinda. Mpini ukaja. Umekuja mahali pale pale nilipokuwa nautarajia. Nikarudia mara ishirini, mara ishirini ukaja. Rafiki yangu akasema, "Sasa mbona ulikuwa unaniambia huwezi?" Sikumjibu, nilikuwa nawaza zile jioni zote juu ya tairi.

Ila nisikisifie kama hakina tatizo. Titani ni laini mkononi mwenye jasho, inabidi kifanyiwe mikwaruzo ya kushikia. Ni chepesi kwahiyo ukikosea kinakosea haraka, cha shaba kinakupa muda wa kutoa kidole, hiki hakikupi. Na kikianguka kwenye saruji roho inapasuka, maana bei yake rafiki yangu aliitaja mara moja tu nikamwomba asiirudie. Alafu kuna kitu ambacho sikukitegemea: kikishakuwa hakina kosa, kila kinapoanguka ni wewe. Ile wiki mbili nilizokaa nacho niliangusha mara nyingi na kila mara nilijua hasa ni kidole gani kilichelewa kufunguka. Kujua huko nilikuwa sijawahi kuwa nako.

Nadokeza na hili. Mi sitoki na kisu cha makali kwenda nacho mtaani hata siku moja, hata kilabu, hata uwanjani. Mtu anayekiona hajui kama we unafanya mchezo wa mkono, na haki yake asijue. Kuna nchi wamekaza kabisa, Uingereza kuviuza na kuviingiza ni marufuku tangu 1988. Vyangu vinakaa gereji, kwenye boksi la spana, na dogo anayejifunza kazi kwangu ana miaka kumi na tano, yeye anagusa kile butu tu. Beringi zake nilizitoa, nikamwekea washa za shaba nilizokata mwenyewe. Kinakwaruza kidogo ila kinakwaruza sawa sawa kila siku, na ana miezi mitatu tu tayari anapitisha juu ya gumba pande zote mbili.

Kuhusu kile cha Kariakoo, sikukitupa. Nilipomrudishia rafiki yangu cha titani nilikaa siku kadhaa nakiangalia, alafu nikachukua drili nikatoboa ribiti zake zote. Nikatafuta bushi chakavu ya shaba, nikaenda kwa jamaa mwenye mashine ya kukereza, nikamwomba anitolee vibushi viwili vya kipenyo cha milimita tano. Alicheka akasema hajawahi kukereza kitu kidogo hivyo, lakini alikaa navyo mpaka saa tatu usiku, hakutaka nimlipe zaidi ya elfu tano. Nikafuta kwenye msasa na kioo, nikapima, nikafuta, nikapima. Nilipokifunga kwa skrubu, chaka chaka ikaisha. Ule mzunguko wa tatu ukatoka kwa kisu kile kile kilichoniambia kwa mwaka na nusu kwamba siwezi.

Kilidumu wiki tatu. Mpini mmoja ukapasuka pembeni ya skrubu, yale madini ya kumimina hayabebi skrubu iliyokazwa kikweli. Ubapa uko mzima, vibushi viko vizima. Nimepata kipande cha aluminiamu nene toka kwenye mkono wa kiti cha basi la zamani, nimeshachora mipini miwili kwa penseli, mmoja nimeanza kuuchimba mfereji kwa tupa, na uzito safari hii nauacha mwishoni. Uko kwenye vaisi hapa naandika, dogo amewasha taa ananiuliza kama tunaendelea.